Kukikinga kioo cha mbele cha gari dhidi ya kokoto na vumbi

Ndugu, umeuliza namna ya kukitunza kioo kipya cha mbele, baada ya kile cha zamani kujaa vitobo vidogo vinavyotawanya mwanga wa taa usiku. Kinga iliyo bora kuliko zote ni umbali: usilifuate lori kwa karibu, na upunguze mwendo kwenye barabara ya kokoto, kwa sababu kasi ya pigo ikiongezeka mara mbili, nishati yake huongezeka mara nne. Vumbi nalo lisidharauliwe. Mwagia kioo maji kabla ya kuwasha waipa, kwani mchanga ulionaswa chini ya mpira hukikwaruza kila waipa inapopita.

Jiwe likishapiga, bandika selotepu angavu juu ya kidonda ili maji na uchafu visiingie, kisha umwone fundi mapema akijaze gundi maalumu ya vioo. Na tafadhali, usielekeze hewa baridi ya kiyoyozi kwenye kioo kilichochomwa na jua, maana joto likibadilika ghafla ufa mdogo hutambaa upesi hadi ukingoni, na hapo gundi haifai tena.