Maswali yenu: Miaka 15, "miezi sita" na ubishi mwingine wa Sheria ya Ndoa

Barua za mwezi huu karibu zote zinagusa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Tumechagua tano. Majibu ni ya Tanzania Bara tu. Zanzibar sheria hii haitumiki.

Kikundi chetu kilikaa kujadili umri wa binti kuolewa. Haikupita nusu saa, kikao kikavunjika: huku wanaitwa wapinga dini, kule wanaitwa watetezi wa wabakaji. Tunataka kurudia, kisha tupeleke maoni kwa maandishi. Tuanzie wapi? (Kikundi cha akina mama, Kahama)

Anzeni kwa kusoma vifungu kwa sauti, kabla mtu hajaomba kusema. Ni viwili tu, havimalizi dakika tano. Kifungu cha 13 kinataka mwanamume awe ametimiza miaka 18 na mwanamke miaka 15, na kinaipa mahakama uwezo wa kuruhusu ndoa ya aliyefika miaka 14 kukiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinasema binti ambaye hajafika 18 lazima apate idhini ya baba. Baba akiwa amefariki ndipo mama anaulizwa, na wazazi wote wasipokuwepo, mlezi. Yaani mama aliye hai, aliyembeba na kumlea, kisheria haulizwi maadamu baba yupo. Hapo kaeni kidogo, kwa sababu hata anayetetea miaka 15 anaweza kuona kwamba hilo halijakaa sawa.

Kisha wasomeeni mahakama ilivyosema. Julai 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo viwili vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili umri uwe 18 kwa wote. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja ukapita tena, Oktoba 2020 ikafika bila Bunge kubadilisha chochote. Kwa hiyo anayesema "mahakama imeshamaliza" na anayesema "sheria bado ni ileile" wanaweza kugombana usiku kucha, na kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Sababu ya kikao kuvunjika tunaikisia: mlikuwa na maswali manne mezani, kila mtu anajibu lake. Yatenganisheni. Kwanza umri wenyewe. Pili, je, mahakama ibaki na ruhusa ya pekee? Tatu, nani atoe idhini? La nne, mimba, liwe la mwisho, maana likianza linayameza mengine yote. Kila swali dakika 20, kila msemaji dakika 3, na hakuna kurudia kusema mpaka wote waliotaka wamesema. Karani aandike hoja, asiandike jina la mtoa hoja. Mtu akijua jina lake linaingia kwenye karatasi, anaanza kutetea jina na kusahau hoja.

Kwenye dini, mwenyekiti aulize swali moja: imani yako inaamuru binti aolewe kabla ya 18, au inaruhusu tu? Wengi watasema inaruhusu. Atakayeongeza kwamba serikali haina haki ya kuzuia kilichoruhusiwa na Mungu ametoa hoja halali, iandikwe kama ilivyo. Na anayemwita mwenzake mbakaji aoneshwe kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu. Kinasema kumwingilia aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akikubali, isipokuwa ni mke wa mtu huyo, ametimiza miaka 15 na hawajatengana. Kama mwenzetu huyo anaona ni vibaya, agombane na kifungu, amwache jirani yake.

Kwenye mimba, wekeni mezani mambo mawili. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inakataza kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na adhabu ni kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule ya serikali. Ukiviweka pamoja unaona tundu liko wapi: binti wa miaka 16 aliye darasani analindwa, mwenzake wa umri huohuo aliyeachia darasa la saba anaolewa kwa sahihi ya baba. Hoja ya "aolewe asije akazalia nyumbani" inamwangukia huyu wa pili peke yake.

Maoni yenu yasizidi ukurasa mmoja. Andikeni namba ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno mnayotaka, na sababu zisizozidi mbili. Kosa la kawaida ni kuomba "umri uwe 18" mkaishia hapo. Mkigusa kifungu cha 13(1) peke yake, ruhusa ya miaka 14 kwenye 13(2) inabaki, idhini ya kifungu cha 17 inaning'inia bila kazi, na ile "isipokuwa" ya Kanuni ya Adhabu inabaki kitabuni. Vitajeni vyote vinne.

Kijiweni wanasema ukikaa na mwanamke miezi sita tayari ni mke wako kisheria. Kweli? (Msomaji, Mbagala)

Hiyo miezi sita haimo popote kwenye sheria hii. Kifungu cha 160 kinasema miaka miwili au zaidi, tena miaka peke yake haitoshi: lazima mmeishi kwa namna ambayo watu wamewajua kama mume na mke. Majirani, balozi wa nyumba kumi, ndugu wa pande zote, hata kadi ya kliniki yenye majina yenu, hivyo ndivyo vinavyobeba ushahidi. Mpangaji mwenza wa miaka mitatu si mke.

Likithibitika, mahakama inadhani mna ndoa. *Inadhani* tu, na dhana hiyo inaweza kupinduliwa. Inapinduka kirahisi kama mwanamume tayari alikuwa na ndoa ya mke mmoja, kwa kuwa huyo hana uwezo wa kufunga nyingine. Wengi wanachokosa ni kifungu kidogo cha pili: hata dhana ikipinduliwa, mwanamke bado anaweza kuiomba mahakama hiyohiyo matunzo yake na ya watoto, na nafuu nyingine kama malezi. Kwa hiyo usimwambie dada yako "huna chako" kwa sababu tu hakuna cheti.

Mume wangu anataka kuongeza mke. Naweza kumzuia? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Inategemea ndoa yenu ni ya aina gani, mama. Iliyofungwa Kiislamu au kimila inachukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vingine. Nyingine zote zinachukuliwa kuwa za mke mmoja. Hizo mume hawezi kuongeza mpaka mbadilishe aina ya ndoa kwa tamko la maandishi, wote wawili kwa hiari, mbele ya jaji au hakimu. Ndoa ya kanisani haibadilishwi maadamu wote wawili bado ni Wakristo.

Kama yako ni ya wake wengi, bado una nafasi. Wanaotaka kuoana wanatakiwa kutoa taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla, na taarifa hiyo inatangazwa. Ndani ya siku hizo mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi chini ya kifungu cha 20: kwamba kipato cha mume hakitoshi na wewe na watoto mtataabika, au kwamba anayeletwa ana tabia mbaya inayojulikana, ana ugonjwa wa kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. "Sitaki" peke yake si sababu. Ada ya shule, kodi ya nyumba, mshahara au mapato ya duka, andika kwa tarakimu. Usisubiri siku ya harusi.

Wakenya walipopitisha sheria yao ya ndoa mwaka 2014, wabunge waliondoa sharti la ridhaa ya mke wa kwanza, na wabunge wanawake wakatoka ukumbini. Mjadala huu haujapoa kwa jirani pia.

Tukiachana, mali ni nusu kwa nusu? (Msomaji, Mbeya)

Si lazima. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mila ya jamii yenu, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya hayo ndipo ielemee kwenye usawa. Kazi za nyumbani ni mchango: Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Wanaoitaja kesi hiyo husahau mwisho wake. Bi Hawa hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha za biashara alizopewa na mume alizitapanya. Tunza risiti, na tunza kumbukumbu za fedha unazopewa pia.

Mgawanyo unakuja na talaka, na talaka inaanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Cheti chake, cha kwamba limeshindwa kuwasuluhisha, kisiwe kimezidi miezi sita siku unapofungua shauri. Watu wengi wanakaa nacho kabatini mwaka mzima, wakifika Mahakama ya Mwanzo wanarudishwa walikotoka.

Mahari haijamalizwa. Wakwe wanasema si ndoa. (Kijana, Musoma)

Ni ndoa. Kifungu cha 41. Ng'ombe waliobaki ni mazungumzo yako na wakwe.