Barua kwa Mwanangu: Wimbo Mzuri Hukosaje Kuvuma?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema umezisikiliza nyimbo nilizokutumia na baadhi umezipenda sana, ila zimekuachia maswali mawili. La kwanza: kama ni nzuri kiasi hicho, mbona hazikuvuma? Ukanitolea na methali, chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ukahitimisha kwamba huenda soko lilisikia kasoro ambayo mama hataki kuisikia. La pili: kama ningebaki na wimbo mmoja tu kati ya hizo zote, ningeuchagua upi?

La pili lina jibu fupi, litangoja. La kwanza ndilo linaloniuma, kwa sababu nyimbo hizi nimezipenda kwa miaka mingi kuliko umri wako, na siwezi kukubali kwamba watu walizipima wakazikataa. Wengi hawakuwahi kuzisikia. Na waliozisikia, mara nyingi walipofika dukani hawakuzikuta.

Chema hujiuza pale mnunuzi anapokiona. Enzi za santuri, ili wimbo uingie kwenye chati, yaani orodha ya nyimbo zinazoongoza, ilibidi mambo mawili yakutane wiki ileile: upigwe redioni, na santuri yake iwe dukani. Chati ilipima wiki moja moja, haikupima mapenzi ya miaka. Santuri iliyonunuliwa na watu elfu hamsini ndani ya wiki tatu iliweza kuonekana kwenye chati. Iliyonunuliwa na watu haohao elfu hamsini kwa miaka mitatu, chati haikuiona. Kwa hiyo mtu anaposema wimbo fulani "ulikataliwa", mimi huuliza kwanza: ulifika?

Chukua "They Don't Know". Mwaka 1979 Kirsty MacColl, binti wa Kiingereza wa miaka 19, alitoa wimbo huo kama singo (santuri ndogo yenye wimbo mmoja mkuu) kupitia lebo, yaani kampuni ya muziki, ya Stiff Records. Aliutunga mwenyewe. Binti anampenda kijana ambaye watu wanamsema vibaya, naye anawajibu kwamba hawamjui kama anavyomjua yeye. Dakika tatu tu, na huwezi kuondoa hata noti moja. Watangazaji wa redio waliupiga kwa wingi. Kisha wasambazaji wakagoma, santuri zikakwama njiani, na wimbo haukuingia kwenye chati. Miaka minne baadaye, 1983, mchekeshaji Tracey Ullman aliuimba upya, kwa lebo ileile na kwa mpangilio usiotofautiana sana na ule wa kwanza. Ulifika nafasi ya 2 Uingereza, na mwaka uliofuata nafasi ya 8 Marekani. Anayeitikia nyuma yake ni Kirsty mwenyewe. Hata ile "baby" ya juu inayokatiza katikati ya wimbo ni sauti yake, kwa kuwa Tracey hakuweza kuifikia. Sasa niambie, mwanangu, kati ya 1979 na 1983 wimbo ule uliongezewa wema gani?

Kisa cha Big Star kinaniuma zaidi. Hawa ni vijana wanne wa Memphis, Tennessee. Mmoja wao, Alex Chilton, alikuwa ameshafika kileleni akiwa bado kijana mdogo kabisa: mwaka 1967 aliongoza sauti katika "The Letter" ya The Box Tops, wimbo ulioshika namba moja Marekani. Alijua kibao kinatengenezwaje. Akajiunga na Chris Bell, Andy Hummel na Jody Stephens, wakajifungia usiku baada ya usiku katika studio ya Ardent, na mwaka 1972 wakatoa albamu wakaiita "#1 Record". Jina hilo lilikuwa la matumaini kweli. Waandishi wa magazeti ya muziki waliisifu karibu kwa kauli moja. Lakini usambazaji ulikuwa mikononi mwa Stax, kampuni iliyojua sana kuuza muziki wa soul na haikuwa na njia nzuri za kufikisha gitaa za vijana hawa kwa wanunuzi wa rock. Watu walisoma sifa gazetini, wakaenda dukani, wakarudi mikono mitupu. Albamu haikufikisha hata nakala elfu kumi.

Chris Bell alivunjika moyo akaondoka. Watatu waliobaki wakatoa albamu ya pili, "Radio City", mwaka 1974. Safari hii usambazaji ulikuwa wa Columbia, kampuni kubwa, na ungedhani mambo yamenyooka. Ila Clive Davis, bosi wa Columbia aliyekuwa amefunga mkataba ule wa usambazaji, alikuwa ameshafukuzwa kazi mwaka 1973, na Columbia na Stax walikuwa wanavutana. Albamu ikafa katikati ya mvutano huo. Hakuna msikilizaji hata mmoja aliyeulizwa. Chris Bell, akiwa nje ya bendi, alirekodi wimbo uitwao "I Am the Cosmos", ukatoka mwaka 1978. Mwezi Desemba mwaka uleule akafa kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 27. Mimi siwezi kuusikiliza wimbo huo huku nikifanya kazi nyingine.

Ukitaka ushahidi ambao hata wewe na methali yako hamtaupinga, tazama nyimbo zilizovuka bahari. "River Deep – Mountain High" ya Ike na Tina Turner ilitoka mwaka 1966. Nchini Marekani, kwao, iliishia nafasi ya 88. Uingereza ilifika nafasi ya 3. Santuri moja, sauti moja, mwaka mmoja! Ike Turner aliwahi kueleza kwamba vituo vya redio vya weusi viliona wimbo umekaa kizungu, na vya wazungu viliona mwimbaji ni mweusi, kwa hiyo ukakosa pa kukaa. Mtayarishaji wake, Phil Spector, aliumia kiasi cha kujitenga na kazi hiyo kwa muda. (Najua utaniambia kwamba Spector alikuja kuhukumiwa mwaka 2009 kwa mauaji, na unaujua ukatili aliotendewa Tina na mumewe Ike. Sikuombi uwapende wanaume hao. Nakuomba usikilize pumzi ya yule mama inavyolipanda lile lundo la vyombo bila kuzama.)

"God Only Knows" ya The Beach Boys, mwaka huohuo wa 1966, iliwekwa upande wa pili wa singo huko Marekani, kwao, ikaishia nafasi ya 39. Uingereza ilifika nafasi ya 2. Na "Waterloo Sunset" ya The Kinks, mwaka 1967, ilifika nafasi ya 2 kwao Uingereza, lakini haikuingia kabisa kwenye chati ya Marekani. Bendi hiyo ilikuwa imezuiwa kutumbuiza Marekani tangu 1965 hadi 1969, kwa ugomvi na chama cha wanamuziki. Mtu asiyeonekana jukwaani wala kwenye televisheni ya nchi husahaulika upesi. Ray Davies aliandika mistari ambayo ningeiweka karibu na ushairi wowote ulioandikwa katika lugha ya Kiingereza miaka ile, na Wamarekani wengi waliijua kwa kuchelewa sana.

Wakati mwingine wimbo huokolewa na mtu mmoja mkaidi. The Zombies, vijana wa Uingereza, walikuwa wameshavunja bendi yao wakati albamu yao ya mwisho ilipotoka mwaka 1968, na Columbia haikuwa na hamu nayo. Al Kooper, mwanamuziki aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo, akaing'ang'ania mpaka ikatolewa Marekani. "Time of the Season" ikafika nafasi ya 3 mwaka 1969, bendi ikiwa haipo tena. Huo unaujua, bila shaka umewahi kuusikia mahali fulani. Lakini wimbo bora katika albamu ile, kwa masikio yangu, ni ule unaoifungua, "Care of Cell 44": mtu anamwandikia mpenzi wake anayekaribia kutoka gerezani, kwa furaha tupu, jua limejaa kila kona ya wimbo. Ulitolewa kama singo mwaka 1967, ukaanguka. Hakuna aliyeung'ang'ania huo.

Na wakati mwingine wanaookoa ni wachezaji dansi. "Tainted Love" ulirekodiwa na Gloria Jones katikati ya miaka ya 1960, ukawekwa upande wa pili wa santuri ambayo haikununuliwa. Vijana wa kaskazini mwa Uingereza waliokuwa wakicheza usiku kucha kwa santuri za soul zilizosahauliwa Marekani ndio walioufufua katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 Soft Cell wakauimba upya ukashika namba moja Uingereza. Sikiliza wa Gloria. Ngoma zinakimbia, tarumbeta zinakimbiza, naye yuko mbele yao wote.

Sasa nikutendee haki, maana hoja yako ina ukweli ndani yake. Si kila wimbo uliosahauliwa uliibiwa haki. Nyingi zilizosahauliwa zilistahili, na nimewahi kupoteza jioni nzima nikisikiliza "hazina iliyofichwa" isiyokuwa na hata kiitikio kimoja cha kukumbuka. Wapo pia wasanii ambao tabia yao haikuendana na soko. Nick Drake alitoa albamu tatu kati ya 1969 na 1972, kila moja ikauza chini ya nakala elfu tano alipokuwa hai. Jukwaani alikuwa akiteseka, hakupenda mahojiano, na alifariki mwaka 1974 akiwa na miaka 26. Huwezi kuyaweka lawamani maduka tu. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1990 "Pink Moon" ilipowekwa katika tangazo la gari la Volkswagen, watu waliokuwa hawajamsikia kamwe walikwenda kuitafuta kwa wingi. Gitaa moja, sauti ya chini, na kinanda kidogo kinachopita mara moja. Haikuhitaji kubadilishwa chochote, ilihitaji kusikika.

Hata "Hallelujah", ambayo leo inaimbwa harusini na mazikoni, ilianza hivyo. Columbia ilikataa kuitoa Marekani albamu ya Leonard Cohen ya 1984 iliyoubeba wimbo huo. John Cale akaurekodi mwaka 1991, Jeff Buckley akaufuata mwaka 1994, na Desemba 2008 chati ya Uingereza ilikuwa na matoleo matatu kwa pamoja: Alexandra Burke namba 1, Buckley namba 2, Cohen mwenyewe namba 36. Miaka 24! Buckley alikuwa ameshafariki tangu 1997.

Utaniambia siku hizi mambo ni tofauti, nyimbo zote ziko kwenye simu na hakuna santuri ya kukwama bandarini. Ni kweli, duka halifungwi tena. Lakini dirisha la duka limebaki dogo vilevile, na bado kuna anayeamua kipi kikae mbele. "Running Up That Hill" ya Kate Bush, iliyofika nafasi ya 3 Uingereza mwaka 1985, ilikuwa kwenye simu ya kila mtu kwa miaka mingi bila wengi wa rika lako kuigusa. Mwaka 2022 ikawekwa katika tamthilia ya "Stranger Things", ikashika namba moja. Kwa hiyo mimi bado nabishana na methali yako. Katika muziki, hata chema hutembezwa, na kama hakuna wa kukitembeza, kinakaa.

Na swali lako la pili: "September Gurls", ya Big Star, kutoka "Radio City". Haifiki dakika tatu. Gitaa la mwanzo linalia kama kengele, Jody Stephens anapiga ngoma kana kwamba anazungumza badala ya kuhesabu, na Chilton anaimba kwa sauti inayokaribia kukatika lakini haikatiki. Maneno ni machache na hayajielezi. Anawaimba wasichana wa Septemba na wavulana wa Desemba, naye mwenyewe alizaliwa Desemba. Ni wimbo wa mtu aliyeachwa, lakini muziki wake una furaha, na sijawahi kuelewa aliwezaje kuvibeba vyote viwili kwa pamoja bila kimoja kukimeza kingine. Ndiyo maana nauchagua. Nyimbo nyingi za pop hukupa huzuni au hukupa furaha. Huu unakupa vyote katika noti ileile.

Usiusikilize kwenye spika ya simu, tafadhali. Tafuta vifaa vya masikioni vyenye besi ya kueleweka, maana Andy Hummel, mpiga besi wao, huwa anasahauliwa na watu. Ukimaliza, tafuta toleo la The Bangles la 1986, lililo katika albamu yao "Different Light" iliyouzwa kwa mamilioni. Wameuimba vizuri na kwa heshima. Halafu niandikie ni lipi umelipenda zaidi, na kama ni lao, nieleze sababu zako bila kunihurumia.

Mama yako akupendaye