Kupiga picha mji wa Moshi: pa kusimama na saa ya kupiga

Wengi wanaoanza kupiga picha za mji hapa Moshi huniuliza kwanza habari ya kamera: ninunue ipi, lenzi gani. Mimi huwauliza walisimama wapi na ilikuwa saa ngapi. Mambo hayo mawili ndiyo yanayobeba picha, na yote huamuliwa kabla kamera haijatoka kwenye begi. Simu uliyonayo inatosha kuanzia.

Tuanze na pa kusimama, maana hapo ndipo mlima wetu, Kilimanjaro, unapopotea. Anayeanza huenda mpaka chini ya Mnara wa Saa, anafungua lenzi pana kabisa ili kila kitu kiingie, kisha anashangaa: mlima aliouona kwa macho umetawala mji mzima, kwenye picha umekuwa kichuguu nyuma ya paa. Lenzi pana inakupa nafasi ya kusogea karibu mno, na ukisogea karibu, cha mbele kinakua na cha mbali kinamezwa. Dawa yake ni kurudi nyuma, halafu uvute kwa lenzi.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa uijue. Kilele cha Kibo, kile kirefu kuliko vyote vya mlima huu, kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kutoka mjini kinapanda juu yetu kama kilomita 5, na umbali wake unazidi kidogo kilomita 30. Kwa hiyo jengo la mita 10 ukilitazama ukiwa mita 60 hivi, kimo chake kinalingana na cha mlima. Lisogelee mpaka mita 20, jengo linauzidi mlima mara tatu. Rudi mpaka mita 120, mlima unakuwa mara mbili ya jengo. Mlima wenyewe haubadiliki hata ukitembea mtaa mzima. Kinachopungua na kuongezeka ni jengo. Ukishalishika hili, miguu yako itakuwa inapanga picha kabla ya mikono. Kwenye simu, tumia lenzi yake ya kuvuta kama ipo. Kama haipo, piga kawaida kisha ukate kingo baadaye.

Nyaya za umeme zitakusumbua, hilo halikwepeki. Ila hatua mbili kushoto mara nyingi zinatosha kuufanya waya upite juu ya paa badala ya kukata kilele katikati. Jizoeze kukagua pembe nne za fremu kabla ya kubonyeza. Na kamera isiinuliwe pua kutazama juu, majengo yataanguka kinyumenyume. Iweke sawa, na kama juu hapatoshi, rudi nyuma tena.

Sasa mwanga. Mlima uko kaskazini mwa mji, na jambo hili lina uzito kuliko vijana wengi wanavyodhani. Desemba na Januari jua linachomoza likiegemea kusini na mchana linapita kusini, kwa hiyo linaumulika uso ule ule wa mlima tunaoutazama sisi. Mvua za vuli nazo zinakuwa zimeshaosha vumbi hewani. Juni na Julai jua liko upande wa kaskazini, nyuma ya mlima kwa namna fulani, uso wetu unabaki na kivuli, na mawingu ya msimu wa baridi yanaweza kukaa kutwa. Miezi hiyo mimi huacha mlima na kushughulika na mitaa.

Kwa siku, asubuhi ndiyo yako. Jua linachomoza kati ya saa 12:05 na 12:40 kutegemea mwezi, na mara nyingi kufikia saa tatu au nne mawingu yanakuwa yameshapanda. Simama Double Road saa moja asubuhi uangalie upande mmoja tu wa barabara: maduka yanafunguliwa, mwanga unaingia kwa ubavu, khanga zinazotundikwa mlangoni zinawaka rangi, na kivuli cha mpita njia kinafika katikati ya lami. Chagua kipande kimoja chenye mwanga, tengeneza fremu, halafu usubiri mtu aingie: mama mwenye beseni la ndizi kichwani, au dereva wa bodaboda. Picha ya mji isiyo na mtu haina kipimo. Mtazamaji hajui mlango ni mrefu kiasi gani. Mchana wa saa sita mpaka saa tisa tumia kutafuta sehemu za kusimama.

Jioni ndipo mafunzo ya mtandaoni yanapowapoteza watu. Mengi yameandikwa na watu wa Ulaya, ambako jua la kiangazi linazama kwa kulalia na anga inakaa na bluu muda mrefu. Kwetu, karibu na ikweta, linadondoka wima. Linazama kati ya saa 12:20 na 12:50, na baada ya kama dakika 20 giza limeshakaribia kufunga. Anga ya bluu na taa za mtaani vinalingana nguvu kwa dakika chache tu ndani ya hizo. Kwa hiyo jua linapogusa upeo, uwe umeshasimamisha tripodi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, shata ikae wazi sekunde kadhaa ili taa za bajaji na daladala ziwe mistari. Weka kihesabio cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Mwenye simu aiegemeze ukutani, aguse sehemu yenye taa, apunguze mwangaza. Punguza vivyo hivyo asubuhi ukiwa na barafu ya Kibo kwenye fremu, kwa sababu kamera inapojaribu kuangaza mtaa wenye kivuli huigeuza barafu kuwa doa jeupe, na doa hilo halirudishwi na programu yoyote.

Ukitaka kupanda ghorofani, omba. Mlinzi akielezwa vizuri mara nyingi anakuruhusu. Watu wa karibu waombe pia. Vituo vya polisi na kambi za jeshi usivielekezee kamera kabisa, hata kama mlima nyuma yake umekaa vizuri namna gani.