Maswali ya wasomaji: Nikikuta mtu keshapiga kura kwa jina langu?

SWALI: Mhariri shikamoo. Nauliza hivi, nikifika kituoni na kitambulisho changu mkononi alafu karani anapekua daftari ananiambia hili jina lishawekewa alama, yaani kuna mtu keshapiga kwa jina langu, nafanyaje? Na kwa nini sheria isikaze tu, huna kitambulisho cha picha hupigi, yaishe?

JIBU: Marahaba. Kwanza kabisa usiondoke. Wengi wakiambiwa hivyo wanafoka kidogo wanarudi nyumbani, na hapo ndo aliyeiba jina anakuwa amefaulu kabisa. Muite msimamizi wa kituo, achana na kubishana na karani, na sema kwa sauti mawakala wa vyama wakusikie. Uingereza wanakuuliza maswali mawili, kama wewe ndo huyo wa kwenye daftari na kama ulishapiga, ukijibu sawasawa unapewa karatasi ya pinki. Ile haiingii sandukuni, msimamizi anaitia kwenye bahasha yake na haihesabiwi na zingine, ila matokeo yakipingwa mahakamani inaweza kutumika. India nako wengine wote wanabonyeza mashine, wewe unapewa karatasi na inawekwa kando. Najua inauma kura yako kukaa bahashani lakini ni bora kuliko kutokuwa na kitu chochote cha kuonyesha.

Sasa hiyo ya kukaza. Mimi kitambulisho sikipingi, Ireland ya Kaskazini wanadai chenye picha tangu 2003. Lakini England walipoanza kudai kwenye uchaguzi wa mitaa wa 2023, watu kama 14,000 walikataliwa mezani na hawakurudi tena. Marekani profesa wa sheria Justin Levitt alitafuta visa vya kujifanya mtu mwingine kituoni kuanzia 2000 hadi 2014 akapata 31 vya kuaminika, na kura zilizopigwa zilipita bilioni moja. Sawa, ni kosa gumu kulinasa, lakini hata ukizidisha mara mia bado ni vichache sana ukilinganisha na hao waliorudishwa.

Alafu fikiria huyo mwizi anahitaji nini. Anahitaji jina ambalo mwenyewe haji, marehemu au mtu aliyehama zamani, kwa hiyo daftari likisafishwa vizuri unakuwa umemnyima mtaji. Akitaka kuzunguka vituo na majina mengine kuna wino, India wanaupaka tangu 1962, una kemikali ya madini ya fedha inayokuwa nyeusi kwenye ngozi na sabuni haiutoi. Mashine za vidole nazo nzuri zikikubali, Ghana 2012 ziligoma sehemu kadhaa na upigaji kura ukabidi uendelee siku ya pili. Ninayoipenda mimi ni ya Kanada, huna kitambulisho basi mpigakura mwenzako wa kituo hicho anayekufahamu anakudhamini kwa maandishi, na haruhusiwi kudhamini zaidi ya mmoja, maana bila hiyo bana mtu mmoja angeleta basi zima.

Kwa upande wako, daftari likibandikwa kwa ukaguzi nenda kaangalie, na uangalie herufi kwa herufi maana jina likitofautiana na la kwenye kitambulisho utasumbuliwa wewe mwenye haki. Ukiona na jina la jirani aliyefariki hapo, waambie walitoe siku hiyo hiyo, kuna fomu yake.