Hilux ya dizeli inazima ikiwa sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta)

Kaka, umesema Hilux yako yenye injini ya dizeli aina ya 2L inawaka asubuhi bila shida, njia ya Kibaigwa inavuta vizuri, ila ukiachia mafuta kwenye taa za Dodoma mjini inatetemeka na kuzima. Na fundi anataka kushusha pampu ya dizeli. Usikubali bado.

Shuku kwanza hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli. Kutoka tangini hadi kwenye pampu dizeli hufyonzwa, haisukumwi, kwa hiyo mpira uliokaushwa na jua letu hili unaweza usidondoshe hata tone huku unaingiza hewa. Yangu ilinisumbua miezi miwili, kumbe mpira umepasuka chini ya klipu, ufa mwembamba kama unywele! Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, unganisha kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, washa, tazama. Mapovu yakipita, rudi nyuma kiungo kwa kiungo. Hata kile kipampu cha mkono juu ya filta kikichoka huvuta hewa.

Ukiwa hapo hapo, legeza koki ya chini ya filta utoe maji, hasa kama huwa unanunua dizeli ya vidumu. Filta yenyewe badilisha tu.

Hewa haipo? Pandisha sailensa kwa skrubu yake, injini izunguke kama mara 700 hadi 800 kwa dakika. Skrubu yenye lakiri (muhuri wa kiwandani) usiiguse. Ikikataa, peleka nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) zikapimwe, ndipo mzungumzie pampu.