Anza na Grafu: Namna ya Kumaliza Ripoti Ngumu ya Maabara

Wanafunzi wengi wa uhandisi huanza ripoti ya maabara kwa utangulizi, kwa kuwa ndio unaokaa mwanzo, na muda wao mwingi huishia hapo. Nilipokuwa nasomea uhandisi wa mitambo nilizoea kuanza na grafu, jioni ileile ya jaribio, kabla ya kuandika sentensi yoyote, na kila ninapoombwa ushauri hilo ndilo ninalolitaja kwanza.

Chukua jaribio la kuvuta kipande cha chuma chenye kaboni kidogo hadi kikatike. Moduli ya Young, ambayo ni mteremko wa sehemu iliyonyooka ya grafu ya mkazo (nguvu kwa kila kipimo cha eneo) dhidi ya urefu ulioongezeka ukigawanywa kwa urefu wa awali, inatakiwa kukaribia gigapaskali 200. Ukipima urefu ulioongezeka kwa kufuata mwendo wa taya za mashine, badala ya kutumia ekstensomita (kifaa cha kupima kurefuka) iliyofungwa kwenye kipande chenyewe, unaweza kupata jibu lililo chini mno, kwa sababu mashine nayo hunyumbuka na kipande huteleza kidogo ndani ya taya. Anayechora mapema huuona mteremko huo akiwa bado na nafasi ya kurudi kumuuliza fundi wa maabara kipimo kilichukuliwa wapi. Anayechora usiku wa kuamkia siku ya kukusanya hubaki na namba asiyoweza kuieleza.

Mjadala ndio unaostahili nguvu zako nyingi. Naomba sana usiandike "makosa ya kibinadamu" ukaishia hapo, maana maneno hayo hayamwambii msahihishaji chochote. Taja chanzo, kisha kipime. Ukikosea milimita 0.05 katika kipenyo cha milimita 10, kosa ni asilimia 0.5, lakini eneo hutokana na kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe, hivyo kosa la eneo, na la mkazo unaotokana nalo, hufikia takriban asilimia 1. Hesabu hiyo fupi inaonyesha pia kwamba kalipa, kifaa kinachopima kipenyo, haiwezi kulaumiwa kwa moduli iliyoshuka hadi nusu, na kwamba huna budi kutafuta chanzo kwingine.

Sehemu ya mbinu huandikwa upesi ikiwa daftari lako la maabara limejaa. Eleza mliyoyafanya wenyewe, si maagizo ya mwongozo. Utangulizi ufuate, uwe mfupi, na ikisiri iandikwe mwisho kabisa, ikibeba thamani uliyoipata, kiasi cha shaka yake na sababu ya kutofautiana na ile ya vitabuni.