Gundi ya vyuma vya meno: ishike sana au itoe floraidi?

SWALI: Shikamoo dokta. Binti yangu ana miaka 13, anatakiwa awekewe vyuma vya kunyoosha meno. Daktari wa kwanza katuambia anatumia gundi ya resini maana ndo inashika kweli kweli, wa pili anasema ye anapenda simenti inayotoa floraidi, inalinda jino. Mi nimebaki njia panda. Na hiyo gundi siku ya kutoa haiwezi kumng'oa jino ganda lake? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mama. Hakuna aliyekudanganya hapo.

Resini inahitaji jino lipakwe kwanza asidi ya fosforiki, mara nyingi ya asilimia 37, sekunde 15 mpaka 30 hivi, linaoshwa, linakaushwa, enameli (lile ganda gumu la nje la jino) inabaki na vitundu vidogo mno ambavyo gundi inapenya humo halafu ikimulikwa na ile taa ya bluu inakakamaa. Njia hii ya asidi ilianza na daktari wa meno Buonocore mwaka 1955 na bado watu wanaiamini. Ila haitaki mate kabisa, jino likilowa kabla ya gundi, breketi (kile kichuma kidogo kinachogandishwa kwenye jino) itabanduka tu.

Simenti ya glasi ayonoma yenyewe inashikana na jino kikemia, unyevu kidogo inauvumilia, na floraidi inatoa. Ile ya asili ni dhaifu kwa breketi, ndo maana wakaichanganya na resini, na hiyo ya mchanganyiko ndo nadhani daktari wa pili anaisemea.

Sasa mama, usikimbilie inayoshika kuliko zote. Tangu 1975 mtafiti Reynolds alishapendekeza kwamba nguvu ya kushika ya megapaskali (kipimo cha mkazo) 6 mpaka 8 hivi inatosha kwa kazi hii. Gundi ikizidi sana nguvu, siku ya kutoa, breketi inaweza kuondoka na kipande cha enameli, na enameli ikishatoka haioti tena. Kwa hiyo hofu yako ina msingi, japo haitokei mara nyingi daktari akiwa makini: breketi inabanwa na koleo yake taratibu, gundi inabaki kwenye jino, halafu inasagwa polepole. Wala usishtuke ukiona gundi imebaki, ni afadhali hivyo.

Kuhusu floraidi, inatoka kwa wingi siku za mwanzo kisha inapungua sana, ingawa simenti hiyo inaweza kufyonza nyingine kutoka kwenye dawa ya meno na kuitoa tena. Ni msaada, sio kinga kamili. Ukoga ukikaa pembeni ya breketi, bakteria wanatengeneza asidi inayonyonya madini ya jino, na madoa meupe yanaweza kuonekana ndani ya mwezi mmoja tu! Simenti yoyote ile haitazuia hilo kama mtoto hapigi mswaki.

Mi ningechagua hivi: kama ana historia ya meno kuoza, au ni meno ya nyuma ambako mate hayazuiliki, simenti ya mchanganyiko. Kama meno yake ni safi na daktari anaweza kuyaweka makavu, resini, halafu muombe ampake vanishi ya floraidi (dawa ya kupaka juu ya jino) kila akienda kukazwa waya. Mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floraidi, akazanie pale kati ya breketi na ufizi, ndo panaposahaulika. Na kama saa hizi ana tundu au fizi zinatoka damu, zitibiwe kwanza, vyuma visubiri.